Kabla ya Kubishana Marvel na DC, Ulitazama ya Dakika Ngapi?

Ubishi wa Marvel na DC, kampuni mbili za Marekani za filamu za mashujaa, hapa Arusha siku hizi unaendeshwa kwa namba. Chalii mmoja anasema Batman v Superman ya DC ilipata asilimia 29 na Captain America: Civil War ya Marvel ikapata 90, na kwake mjadala umefungwa. Mwenzake wa DC anamjibu kwa Joker: zaidi ya dola bilioni 1 na tuzo mbili za Oscar. Nimeusikia ubishi huu Ngarenaro, nimeusikia Sakina, na mara nyingi naletewa mezani niamue, kwa kuwa riziki yangu ni kuhariri filamu. Naupenda kwa dhati, maana watu wanaobishana hivi wanajali sinema. Kinachonisikitisha ni kwamba wanarushiana namba zisizopima kitu kimoja, na mara nyingi hata filamu wanayoibishania si ile ile.

Tuanze na hiyo 29. Inatoka Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, na asilimia yake si maksi za mtihani. Inahesabu ni wahakiki wangapi katika kila mia wamesema filamu inafaa kutazamwa, basi. Wote mia wakisema "si mbaya, itazame ukipata nafasi", filamu inapata 100. Ikiwagawa katikati, nusu waione ni kazi adhimu na nusu waichukie, inapata 50. Ndiyo maana Joker ya 2019, iliyotwaa Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice na kuteuliwa mara 11 kuwania Oscar, iko chini ya 70, wakati Ant-Man ya 2015, muvi nyepesi ya kufurahisha, imevuka 80. Sijakutana na mtu, hata wa Marvel, anayeamini kwamba Ant-Man ni kazi kubwa kuliko Joker.

Halafu kuna herufi za CinemaScore, kampuni inayopima maoni ya watazamaji. Hawa, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, huwapa kadi watazamaji wa Marekani usiku filamu inapofunguliwa, wajaze maoni wakiwa bado ukumbini. Anayenunua tiketi siku ya kwanza ni mtu aliyekwisha kuipenda filamu kabla hajaiona, kwa hiyo alama huwa juu na B kwa filamu ya mashujaa ni habari mbaya. Batman v Superman ilipewa B. Civil War ilipewa A, Black Panther A+. Joker: Folie à Deux ya 2024 iliambulia D, na hapo hata shabiki sugu wa DC hana pa kujificha.

Pesa nazo zina lugha yake. Batman v Superman iliingiza takriban dola milioni 874 duniani kote, na bado ilihesabiwa kuwa imewaangusha wenyewe. Kuitengeneza tu kuliripotiwa kugharimu karibu milioni 250, matangazo yana bajeti yake, na karibu nusu ya pesa za tiketi hubaki kwa wenye kumbi. Kubwa zaidi ni wikendi ya pili. Nchini Marekani ilifungua kwa milioni 166, wiki iliyofuata ikaingiza milioni 51. Anguko la asilimia 69 maana yake waliotoka ukumbini hawakuwahimiza wengine waende. Lakini msichukue pesa kuwa kipimo cha ubora: Thunderbolts* ya 2025 ilisifiwa na wahakiki karibu 9 katika kila 10, na haikufika hata milioni 400.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijua kwa mikono yangu.

Batman v Superman iliyoonyeshwa kwenye kumbi mwezi Machi 2016 ina dakika 151. Miezi mitatu baadaye ilitoka nyingine ya dakika 182, na hiyo nusu saa ya ziada si mapambo. Mnakumbuka mwanzoni mwandishi wa habari Lois Lane anakwenda kumhoji mbabe wa kivita katika nchi ya Kiafrika iliyobuniwa, Nairomi? Superman anakuja kumwokoa, watu wanakufa, baadaye serikali ya Marekani inamlaumu yeye. Kwenye toleo la ukumbini unabaki unajiuliza: waliokufa walipigwa risasi, Superman tangu lini anatumia bunduki? Toleo refu linakujibu. Maiti zilichomwa moto makusudi ili ionekane moto unaotoka machoni mwa Superman ndio ulioua, na yule mama aliyetoa ushahidi mbele ya kamati alikuwa amepangwa aseme uongo. Limerudishwa pia lile eneo la Clark Kent, yaani Superman akiwa mwandishi wa habari, akizunguka Gotham, mji wa Batman, kuwauliza watu wa hali ya chini kuhusu Batman, na hapo ndipo unaelewa chuki ya Clark kwa Batman imetoka wapi. Yote haya yalikatwa.

Kwa nini vikatwe vitu kama hivyo? Filamu fupi inaingia mara nyingi zaidi ukumbini kwa siku, na mhariri akiamriwa apunguze nusu saa, mapigano hayaguswi: yamegharimu pesa nyingi na yamekwisha kuonyeshwa kwenye trela. Kinachobaki cha kukata ni watu wawili wanaozungumza chumbani. Bahati mbaya sababu za mambo hukaa humo, kwenye mazungumzo. Ukizitoa, kila tukio linabaki mahali pake ila hujui limesababishwa na nini, na mtazamaji anatoka akisema "sijaielewa" bila kuweza kuonyesha kosa lilipo.

Justice League, nayo ya DC, ni mfano mkubwa zaidi. Mwongozaji wake, Zack Snyder, aliiacha mwaka 2017 baada ya kufiwa na binti yake, mwongozaji mwingine, Joss Whedon, akaimalizia, ikatoka na dakika 120. Mwaka 2021 ilitoka ile ya Snyder mwenyewe, saa nne. Katika ile fupi Cyborg ni kijana wa chuma anayesimama nyuma ya wenzake. Katika ndefu yeye na baba yake ndio moyo wa hadithi. Ya kwanza iliwaridhisha wahakiki wanne hivi kati ya kumi, ya pili saba. Sasa wewe na jirani yako mkibishana kuhusu "Justice League" hapo Kilombero, mmoja aliwekewa ya 2017 kwenye flashi na mwingine ya 2021, mnabishana kuhusu nini?

Kwetu kuna na toleo la tatu ambalo hakuna tovuti inayolihesabu, la kibanda umiza, lenye sauti ya mtafsiri juu yake. Ninaiheshimu sana kazi hiyo. Mtafsiri mzuri akikuta mahali pasipo na sababu, anaiweka: anawaambia watu huyu kahongwa, yule ana kisasi, steringi bado hajajua. Kwa maneno mengine anarudisha kile ambacho studio ilikata. Nimewahi kusikia watu waliotoka kwenye kibanda wakiisimulia filamu ya DC kwa mtiririko safi kuliko waliolipa tiketi ukumbini, na sikushangaa.

Marvel nao wasijione wamepona. Tatizo lao la miaka ya karibuni ni kuweka sababu nje ya filamu kabisa. The Marvels ya 2023 ina dakika 105, fupi kuliko zote zilizoitangulia katika mfululizo wao, na mashujaa wawili kati ya watatu walijengwa kwenye tamthilia za Disney+, huduma ambayo wengi wetu hapa hatuna. Iliingiza takriban dola milioni 206 duniani, kiwango cha chini kabisa katika mfululizo huo.

Na Black Panther, ambayo ukiisema vibaya Arusha utatafutwa? Nitaisema. Ilistahili Oscar zake tatu, na ya mavazi ya Ruth E. Carter kuliko zote. Nyekundu na shanga za wale wanawake walinzi, Dora Milaje, zina asili ya Kimaasai kwa sehemu, na hapa kwetu wapo watu wanaoweza kuzikagua shanga hizo kwa ujuzi ambao mhakiki wa New York hana. Lakini pambano la mwisho kwenye reli, kati ya T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, na adui yake Killmonger, limetengenezwa vibaya kwa kompyuta. Miili haina uzito. Nampenda Killmonger mno kukubali kwamba alistahili kumalizwa hivyo.

Nikirudi kwa Batman v Superman na Civil War, zilizotoka mwaka mmoja na zote zikiwagombanisha mashujaa, mimi nasimama na Civil War, hata nikilinganisha na ile ya dakika 182. Pambano la mwisho la Civil War linatokana na video: Tony Stark, yaani Iron Man, anawaona wazazi wake wakiuawa mwaka 1991, na muuaji amesimama chumbani humo humo. Barabara ile mmeoneshwa mwanzoni kabisa. Wazazi wale mmeoneshwa tena Tony alipojitengenezea kumbukumbu yao mbele ya wanafunzi. Ngumi ya kwanza inaporushwa, kila aliye kwenye benchi anajua inatoka wapi. Kwenye Batman v Superman, Batman anaacha kumuua Superman kwa kusikia jina Martha, jina la mama zao wote wawili. Wazo ni zuri, na mwanzoni tulimsikia baba yake Bruce, yaani Batman, akilitamka akikata roho. Lakini mama yake Clark kwa sehemu kubwa ya filamu ni "mama" tu, hadi adui wao Lex Luthor anapolitaja jina lake muda mfupi kabla ya pambano. Ningepewa filamu ile mezani, ningetafuta mahali pawili, mapema, ambapo mtu anamwita yule mama kwa jina lake.