Wanawake vyuoni: tusihesabu mlangoni pekee

Kila Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) linapotoa Taarifa ya Uchumi ya mwaka, simu yangu haitulii. Wanaopiga, wengi wao wanahabari wa hapa Nairobi, wana swali moja: wanawake wamefika asilimia ngapi vyuo vikuu? Huwajibu, kisha huwaomba wasikate simu. Idadi ya waliosajiliwa ndiyo rahisi kupatikana, na ndiyo inayoficha mengi.

Tuanze na kuingia. Katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa 2024 watahiniwa walizidi 960,000, na wasichana walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Lakini kwenye alama ya C+ kwenda juu, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kusomea shahada, wavulana walikuwa wengi. Mtu akitazama orodha ya walioitwa vyuoni peke yake, atadhani KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, ndiyo iliyowaacha wasichana nje, kumbe pengo lilianzia sekondari. Ndiyo maana nasisitiza hesabu mbili: kati ya wasichana waliofanya mtihani, ni wangapi walipata C+? Na kati ya waliopata C+, wangapi waliitwa? Jibu la kwanza ni la shule na wizara, la pili ni la mfumo wa udahili. Zamani bodi ya pamoja ya udahili, JAB, iliwapunguzia wasichana pointi za kuingilia. Naiunga mkono hatua hiyo bila kusita, ila haiwezi kumfikia msichana ambaye shule yake haikuwa na mwalimu wa fizikia.

Kuitwa nako si kuripoti. Msichana kutoka Tana River akiitwa Nairobi na kukosa nafasi katika hosteli ya chuo, familia yake inabeba karo, kodi ya nyumba na hofu ya usalama wa binti yao usiku. Wengine husalia nyumbani. Pengo kati ya walioitwa na walioripoti linapaswa kuchapishwa kila mwaka, kwa jinsia na kwa kaunti.

UNESCO hupima usawa kwa kugawanya kiwango cha wanawake kwa kiwango cha wanaume. Jibu likiwa kati ya 0.97 na 1.03, huhesabiwa kuwa usawa umefikiwa. Ni kipimo kizuri cha nchi nzima. Kwa chuo kimoja, kinaweza kukulaza usingizi. Tuseme darasa la uuguzi lina wanawake 45 kati ya 60, na la uhandisi wa mitambo lina 15 kati ya 60. Ukiyajumlisha unapata nusu kwa nusu, ilhali hakuna darasa hata moja lenye usawa. Kozi kwa kozi, tafadhali.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima raha. Vyuo vingi huhesabu waliopo mwaka huu, havifuati kundi moja tangu siku ya kuripoti hadi mahafali. Mwanafunzi akijifungua, huandika barua ya kuahirisha masomo. Nimeona mifumo ambamo jina lake hubaki kwenye orodha mwaka hadi mwaka ingawa hakurudi, na kwa takwimu za chuo yeye bado ni mwanafunzi. Hakuna aliyempigia simu kumuuliza kama amepata wa kumlelea mtoto. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kazini, kwa hiyo mhadhiri ana pa kuanzia kudai. Mwanafunzi si mwajiriwa. Msajili akifuata nambari za usajili za kundi moja kwa miaka minne au mitano, atajua ni muhula gani wanawake wanapotea, na hapo mkuu wa wanafunzi atakuwa na la kufanya.

Kwa wahadhiri, hesabu inataka subira zaidi. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Kufikia 1977 alikuwa profesa mshiriki. Miaka hiyohiyo yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walilazimika kupigania marupurupu, yakiwemo ya nyumba, ambayo wanaume wa cheo chao waliyapata bila vita, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa alichukuliwa kuwa tayari ana mume wa kumpa makao. Mhesabuji angemwandika Maathai kama mwanamke mmoja aliyepanda cheo na kufunga daftari. Ilipita miaka 35 tangu shahada ile hadi Olive Mugenda kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha umma nchini, Kenyatta, mwaka 2006.

Kipengele cha 27 cha Katiba ya 2010 kinasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Baraza la chuo lenye watu tisa likiwa na wanawake watatu limetimiza sheria. Lakini nani anaketi katika kamati ya kupandisha vyeo? Wanawake wangapi waliomba uprofesa, na wamekaa miaka mingapi katika uhadhiri mwandamizi? Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) vya 2014 vilimpa pointi mwenye machapisho mengi, na miaka ya kuchapisha ndiyo miaka ya kulea watoto wadogo.

Ukiomba takwimu hizi, baadhi ya ofisi zitakuambia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza. Sheria hiyo inalinda taarifa za mtu anayetambulika. Jumla isiyomtambulisha yeyote haimo. Tahadhari ni moja: idara ikiwa na mwanamke mmoja tu, jumla yake ni yeye mwenyewe, basi iunganishwe na idara jirani. Usijaribu kukisia jinsia kwa majina kwenye kijitabu cha mahafali; Otieno, jina la kiume, likiwa la mwisho laweza kuwa la baba yake.

Kwa chuo cha umma, andika barua ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Omba mambo manne: walioitwa, walioripoti, walioahirisha na waliohitimu, kwa jinsia na kozi, wa kundi moja. Peleka kwa msajili anayeshughulikia masomo, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.