Sindano za Akupancha na Maumivu ya Kano

Imezoeleka kusemwa kwamba akupancha, tiba ya sindano nyembamba kutoka China, huponya kano, yaani ukanda mgumu unaounganisha msuli na mfupa, kwa kuondoa uvimbe uliomo ndani yake. Dai hilo linakosea tangu kwenye chanzo cha maradhi. Kano ya kisigino inayouma kwa miezi mingi, ikichunguzwa kwa hadubini, kwa kawaida huonyesha nyuzi za kolajeni (protini inayoipa kano uimara) zilizovurugika na vimishipa vipya vya damu, huku seli za kinga zinazoleta uvimbe zikiwa chache. Sindano huweza kutuliza maumivu kwa muda, jambo ambalo si dogo kwa mgonjwa, lakini haziunganishi nyuzi hizo. Kinachoiimarisha kano ni mzigo unaoongezwa taratibu, kama zoezi la kushusha kisigino polepole kwenye ngazi, ambalo daktari wa mifupa Håkan Alfredson wa Sweden na wenzake walichapisha matokeo yake mwaka 1998, baada ya wiki 12 za mazoezi.