Uvimbe wa maji kwenye sikio: kwa nini kuutoboa hakutoshi

Nina uvimbe laini juu ya sikio, hauumi. Ni nini?
Kama ulijitokeza polepole upande wa mbele wa sikio, sehemu ya juu, huenda ni majimaji yaliyokusanyika ndani ya gegedu, ile nyama ngumu inayolipa sikio umbo lake. Huwapata zaidi wanaume wa miaka 30 hadi 40 na kitu, mara nyingi sikio moja tu. Chanzo hakijathibitishwa, kinachoshukiwa ni msuguano wa kila siku, kama wa kofia ngumu au kulalia upande uleule. Si saratani.

Daktari aliunyonya kwa sindano, baada ya siku chache ukajaa tena. Alikosea?
Si lazima awe amekosea. Maji yakitoka, uwazi ndani ya gegedu unabaki palepale, na maji mengine huujaza. Ili upone, kuta mbili za uwazi huo zigusane na kushikana, na kwa hilo sikio linahitaji kubanwa. Daktari huweka pamba iliyofinyangwa kufuata mikunjo ya sikio, au vifungo viwili kama vya shati, kimoja mbele na kingine nyuma, akavishona pamoja kwa uzi unaopita kwenye sikio. Hukaa hapo wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo kabla ya kukubali sindano, muulize: "Ukishanyonya, utabana kwa njia gani?" Binafsi naliona hilo ndilo swali kubwa kuliko yote.

Na sindano ya steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe?
Baadhi huwasaidia, wengine hapana, na inaweza kudhoofisha gegedu.

Ukirudi hata baada ya kubanwa?
Upasuaji mdogo, kwa ganzi ya sehemu hiyo tu. Ngozi hufunuliwa, ukuta wa mbele wa gegedu huondolewa, ngozi hurudishwa, kisha sikio hubanwa. Ukuta wa nyuma haukatwi, hivyo umbo hubaki, na uvimbe hurudi kwa nadra.

Naweza kuutoboa mwenyewe nyumbani?
Tafadhali usifanye hivyo. Gegedu haina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando unaoifunika. Vijidudu vikiingia na usaha ukatenganisha viwili hivyo, gegedu hufa na sikio hukunjamana maisha yote. Kama unasita kutibiwa, bora uuache ulivyo: mara chache hunywea wenyewe, ingawa ukikaa sana gegedu huweza kunenepa na sikio kubadilika sura.

Lini nisisubiri?
Ukitokea baada ya kupigwa au kuanguka, hiyo ni damu iliyovilia, inayopaswa kutolewa mapema, ndani ya siku chache. Sikio likiwa jekundu, la moto na lenye kuuma, nenda siku hiyohiyo.

Wangu uko kwenye ndewe.
Ndewe haina gegedu, basi huo ni uvimbe wa aina nyingine. Mara nyingi ni kifuko cha uchafu mweupe wa ngozi, na dawa yake ni kukitoa kifuko chote.