Mguu mmoja kuvuka mstari wa kati si kosa

Kwenye mechi za mpira wa kikapu za vyuo Marekani, mchezaji anayedunda mpira akikanyaga ng'ambo ya mstari wa kati kisha akarudi nyuma, jukwaa zima hupiga kelele: "Amerudisha!", yaani ameurudisha mpira nyuma baada ya kuvuka, ambalo ni kosa. Refa akinyamaza, anaitwa kipofu.

Mara nyingi refa ndiye yuko sahihi. Kwa anayevuka huku akidunda, kanuni inataka vitu vitatu viguse upande wa mbele (nusu ya uwanja anayoishambulia): mguu wa kulia, wa kushoto na mpira wenyewe. Kiatu kimoja kikiwa bado nyuma, au hata juu ya mstari (mstari ni sehemu ya nyuma), hajavuka. Anaruhusiwa kurudi, ila zile sekunde 10 ambazo timu hupewa kuvuka zinaendelea kuhesabiwa.