Fukuto la wadi: maswali na majibu kwa wanaotembea Oman majira ya joto

Kuanzia Juni hadi Agosti, pwani ya kaskazini ya Oman huwa jangwa lenye mvuke. Mvua hakuna, mchanga umekauka, lakini bahari iliyo pembeni ina joto kali na hewa yake hukulowesha kama uko Forodhani mwezi wa Machi. Hata hivyo, ikifika Ijumaa, watu wetu wa Maskati huingia barabarani kuelekea Wadi Shab, karibu na mji wa Tiwi (wadi ni bonde la mto katikati ya milima), kutembea kwenye korongo na kuogelea. Maswali yafuatayo ni ya watu wa namna hiyo.

Nimekulia Tanga, joto na mvuke nimevizoea tangu utotoni. Mbona nusu saa tu ya kutembea ilinimaliza?

Kwa sababu Tanga na Maskati hazifanani hata kidogo, ijapokuwa shati hulowa kote kuwili. Ngozi ya binadamu ina joto la kama nyuzi 35. Dar au Tanga, siku yenye joto hasa hufika nyuzi 32 au 33, kwa hiyo hewa bado ni baridi kuliko ngozi yako, na mwili unatoa joto lake nje bila taabu kubwa. Maskati mwezi wa Julai nyuzi 40 ni jambo la kawaida. Hapo hewa yenyewe inakupasha moto, na kuta za mawe za wadi zinaongeza.

Halafu angalia kalenda. Aliyetua Juni au Julai ametoka nyumbani wakati wa kipupwe, mwili umeshasahau joto la kaskazi. Ukichanganya na ofisi yenye kiyoyozi, gari lenye kiyoyozi na chumba chenye kiyoyozi, mazoea unayojivunia hayapo tena. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili za kukaa kwenye joto na kufanya kazi kidogo kidogo ili ujifunze kutoa jasho mapema, jingi zaidi na lenye chumvi kidogo. Ukirudi kwenye baridi, mazoea hayo hupotea ndani ya wiki chache.

Jasho linanichuruzika mpaka machoni, na bado nawaka. Si jasho ndilo linalopoza mwili?

Linalopoza ni jasho linalokauka. Lita moja ya jasho ikikaukia yote juu ya ngozi huondoa joto la takriban kilokalori 580, kiasi kinachomtosha mtembeaji wa kawaida kwa saa nzima. Jasho linalodondoka chini halijakusaidia chochote. Limechukua maji na chumvi yako likaondoka. Hewa ikiwa imeshashiba mvuke, halina pa kukaukia, na mwili kwa kutoelewa hilo unazidi kulimwaga. Moyo nao unasukuma damu kwenye ngozi na kwenye misuli ya miguu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana unasikia mapigo kichwani hata kwenye njia tambarare.

Kwa hiyo usiangalie nyuzijoto peke yake kwenye simu. Angalia na unyevu wa hewa. Nyuzi 36 zenye mvuke mzito pwani zinaweza kukuangusha upesi kuliko nyuzi 42 kavu za bara.

Tukitoka alfajiri si tutasalimika?

Mtapunguza, hamtasalimika. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Quriyat, ambao unaupita ukitoka Maskati kwenda Tiwi, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 mchana na usiku. Siku kama ile haina alfajiri ya kukimbilia. Siku nyingine, anzeni kunapopambazuka na muwe mmetoka kwenye korongo kabla ya saa nne asubuhi. Serikali ya Oman inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti. Kama mjenzi aliyezoea jua anaondolewa kwenye jengo, sioni kwa nini mtu wa ofisini awe juu ya jabali saa hizo.

Maji ninywe kiasi gani?

Kwa kutembea kwenye joto lile, hesabu robo tatu ya lita hadi lita moja kwa saa, kwa mafunda ya kila dakika kumi na tano au ishirini. Lita moja na nusu kwa saa ni kupita kiasi. Watu wengi huonywa kuhusu kiu, wachache huonywa kuhusu upande wa pili: ukimwaga jasho kwa muda wa saa nne na kufidia kwa maji matupu, chumvi kwenye damu hushuka. Kichwa kinauma, unatapika, vidole vinavimba, pete inabana. Wenzako watadhani huna maji na kukuongezea mengine, na hapo hatari inakua.

Chukua kitu chenye chumvi. Tende chache na laban (maziwa ya mtindi ya kunywa) iliyotiwa chumvi ni chakula cha hapo hapo Oman, lakini laban iwe kwenye kasha la barafu. Pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, zipo kila duka la dawa. Ukizikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visilundikwe. Misuli ya kigimbi cha mguu ikikubana njiani, simama kivulini, inyooshe taratibu, unywe mchanganyiko huo. Mkojo wako nao uangalie: ukiwa rangi ya chai ya rangi, umechelewa kunywa.

Harara na michubuko ya mapaja?

Harara hutokea vijitundu vya jasho vinapoziba. Vipele vidogo vinavyochoma hutoka kiunoni, mgongoni chini ya begi, na kifuani. Dawa yake ni kupoa na kukauka: oga maji ya kawaida, vaa nguo pana, kaa mahali penye upepo. Usipake mafuta mazito juu ya harara, yanaziba zaidi.

Michubuko ya mapaja ni habari nyingine, na Wadi Shab inaileta kwa ufundi wake. Unaogelea kwenye mabwawa hadi pangoni, unatoka na kaptura imelowa, unarudi kwa mguu juu ya mawe kwa kama dakika arubaini. Mshono wa ndani ya kaptura, ukiwa umelowa, unasaga ngozi kila hatua, na jasho lenye chumvi likifika hapo utatembea miguu imetanuka mpaka kwenye boti inayovusha watu mdomoni mwa wadi. Hapa mafuta yanafaa: paka kabla ya kuanza safari, na vaa kaptura ya kubana inayofika katikati ya paja. Beba soksi kavu. Malengelenge usiyapasue.

Buibui jeusi halinizidishii joto?

Si lazima. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliolinganisha majoho ya Mabedui, jeusi na jeupe, na mvaaji alipata joto lile lile. Joto la ziada la kitambaa cheusi lilipotelea hewani kabla ya kufika kwenye ngozi. Ila joho lile lilikuwa pana na upepo ulipita ndani, kwenye jangwa kavu. Buibui la kitambaa cha plastiki linalogandana na mwili ndani ya korongo lisilo na upepo halina faida hiyo. Na usiingie nalo kwenye maji ya kina. Likilowa linavuta chini.

Mwenzetu alitapika, kisha akawa anajibu mambo yasiyoeleweka. Tulimpa parasetamoli tukambeba kwenda kwenye gari. Tulifanya sawa?

Kutapika, kizunguzungu na udhaifu, akili ikiwa timamu, ni uchovu wa joto. Mlaze kivulini, inua miguu, mlegeze nguo, mloweshe, anywe kidogo kidogo. Ndani ya nusu saa awe na nafuu.

Akianza kuchanganyikiwa, kuyumba kama mlevi, kuwa mkali bila sababu au kupata degedege, hicho ni kiharusi cha joto. Joto la ndani ya mwili limefika nyuzi 40 au zaidi, na kila dakika ubongo, ini na figo vinaumia. Msisubiri ngozi ikauke. Mtu aliyekuwa akitembea anaweza kuwa kwenye hali hiyo huku analowa jasho. Mpozeni kwanza, kumsafirisha kufuate. Kama bwawa liko karibu, mtumbukizeni mpaka shingoni, watu wawili wakimshika na kichwa kikiwa juu muda wote. Kama halipo, mmwagieni maji mfululizo na kumpepea kwa chochote. Mwingine apige 9999. Mtandao usiposhika, akimbilie kwenye mdomo wa wadi. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui, atapaliwa. Parasetamoli haisaidii, kwa kuwa hii si homa ya maradhi.

Nani asiende kabisa?

Mwenye selimundu, ambayo ipo sana Oman na pwani yetu pia, asiende majira haya: upungufu wa maji na uchovu huweza kuamsha maumivu makali. Hata aliyerithi upande mmoja tu na hajawahi kuumwa ajihadhari na kupanda kwa kasi. Wanaotumia vidonge vya kukojoza maji kwa ajili ya presha, dawa za moyo, baadhi ya dawa za mzio na za magonjwa ya akili, wamuulize daktari kwanza. Waja wazito na wazee wabaki kivulini. Aliyeharisha juzi naye asubiri.

Basi twende wapi?

Salalah, kusini mwa Oman. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba ni msimu wa kharifu, milima ina ukungu na manyunyu, joto ni nyuzi ishirini na kitu, na kinachosumbua ni utelezi na foleni za magari. Kama ni lazima kaskazini, pandeni Jebel Akhdar, mita kama 2,000 juu ya bahari, kwa gari la foo-wili, kwani kwenye kizuizi cha polisi gari dogo hurudishwa. Kule juu hewa ni kavu na nyepesi, lakini jua linababua upesi kuliko pwani, kwa hiyo kofia pana na mikono mirefu.