Je, riwaya za wanasayansi wanawake hutia chumvi?

Wasomaji wengi huamini kwamba riwaya inayomwonyesha mwanakemia mwanamke akikwamishwa kazini, Marekani ya miaka ya 1950, imetia chumvi: kwamba mwenye kipaji angepanda cheo tu. Ni dhana inayoeleweka, maana vizuizi vya wakati ule havionekani tena kwa urahisi.

Lakini havikuwa dharau za wakubwa pekee; vingine vilikuwa kanuni zilizoandikwa. Vyuo vikuu vingi vilikataza kuajiri mume na mke pamoja, na aliyekosa nafasi kwa kawaida alikuwa mke, hata akiwa na shahada ya uzamivu. Baadhi yao walifanya utafiti miaka mingi bila mshahara, katika maabara za waume zao. Sheria ya 1964 iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia kazini iliwaacha nje wahadhiri hadi 1972. Hili ndilo linaloniuma zaidi: sheria ilikuwepo, wao hawakuwemo.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta magazeti ya enzi hizo yaliyohifadhiwa mtandaoni usome matangazo ya kazi: safu ya wanaume kivyake, ya wanawake kivyake. Kisha fungua makala za kisayansi za zamani, usome sehemu ya shukrani. Mara nyingine mwanamke aliyefanya mahesabu yote anatajwa huko tu, si miongoni mwa waandishi.