Wanaoacha vyuo vya jamii Marekani si vilaza

Wengi hudhani anayeacha chuo cha jamii Marekani, vile vya miaka miwili, ameshindwa masomo. Si kweli. Mara nyingi kinachomng'oa ni nauli, zamu ya kazi iliyobadilishwa ghafla, au mtoto asiye na wa kumwangalia.

Tazama ASAP, mpango wa kusaidia wanafunzi wa vyuo vya jamii vya CUNY, chuo kikuu cha umma cha jiji la New York, ulioanza 2007. Ulifidia ada iliyopelea, ukatoa vitabu na mshauri wa karibu; kadi ya mwezi ya treni na basi alipewa aliyehudhuria vikao. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliokuwemo walihitimu, wasiokuwemo, 22. Na wote hawa walianza wakihitaji masomo ya kujazia msingi! Inauma kusikia wakiitwa vilaza.